Vita vya Bolti ya Athi Mjini Moynaq

Sogeeni, enyi mnaojua kusikiliza, na msiojua mjaze midomo mkate, mpate habari za Aysuliw binti Jalgas, mwenye spana ya kumi na saba, mshika msasa asiyetetemeka, na jinsi alivyouangusha ufalme wa kutu kwa muda wa kunywa vikombe viwili vya chai, siku ambayo msafara wa kumchukua bibi harusi ulikwama uani.

Basi dogo la familia halikuwaka. Lilitoa mlio mmoja, "tk", likanyamaza. Upepo wa chumvi kutoka bahari iliyokauka ulikuwa umevuma wiki nzima, na hakuna chuma mjini humo kilichokuwa hakitoki machozi mekundu.

Mbele ya boneti alisimama Perdebay, kaka mkubwa wa mumewe Aysuliw, shujaa wa betri tatu mpya, mfukiza injini kwa moshi wa majani ya kufukuza kijicho, bingwa wa majibu yanayotangulia maswali. Kwa desturi, mke wa mdogo mtu hampingi shemeji kama huyo hadharani.

"Ni kijicho!" akatangaza Perdebay. "Gari limesemwa hili. Leteni betri ya nne!"

Aysuliw akatoka jikoni, mikono imejaa unga. "Shemeji, hata ukiweka betri ya treni. Tatu mpya zimeshindwa hapo hapo, basi ugonjwa hauko kwenye betri. Umeme hauna njia ya kurudi. Waya wa athi, ule wa kuurudisha kwenye betri, umeliwa pale unapofungwa kwenye chasisi."

"Umeliwa na nani? Nimeupaka mafuta kwa mikono yangu hii!"

"Mafuta gani?"

"Ya mkia wa kondoo. Yale ya kopo la jikoni."

Loo! Shuhudieni, enyi vizazi! Mafuta ya kopo lile hukolezwa chumvi viganja vitatu yasioze. Mtu huyu, mzaliwa wa mji ambao chumvi hutafuna hata bawaba za milango, aliona chumvi ya upepo haitoshi, akaiongezea ya jikoni, akaifunika kwa kitambaa kwa upendo, kama mama afunikaye mtoto.

"Jamani, fanyeni haraka," akalia bwana harusi, "nitamkuta mwenzangu ana mvi!"

Mzee Qalbay, baba mkwe, akainua fimbo. "Mkwe, ukiliwasha, sanduku la spana ni lako moja kwa moja. Usipoliwasha, hutaligusa tena. Diploma yako ya ufundi magari utaukandia unga."

Aysuliw akajitosa chini ya gari. Nati ilimpinga kama ngome iliyozingirwa. Akaikaba, akaigeuza, ikasalimu amri kwa kilio. Bolti ikatoka na ndevu nyeupe na kijani. Akaosha mafuta kwa maji ya moto, akakausha, akasugua bolti, kichwa cha waya na uso wa chasisi, akakwangua hata rangi, mpaka chuma kikang'aa kama jino jipya. Akakaza kwa nguvu zote. Ndipo akachovya kidole kwenye grisi safi, akaifunika kazi yake isiguswe na upepo.

"Ndani chuma kwa chuma," akasema kutoka chini, "grisi nje. Nje, shemeji. Na hatuipiki."

Ufunguo ukazungushwa. Injini ikanguruma, kuku wakatawanyika, bibi wa nyumba akarusha peremende hewani kama afanyavyo penye furaha, na Mzee Qalbay akaamuru siku hiyo ihesabiwe pamoja na siku ya kuzaliwa kwa mji. Sanduku la spana likawekwa miguuni pa Aysuliw.

Perdebay akamsogelea, uso umemwiva. "Umenivua nguo mbele ya ukoo mzima. Niombe radhi. Sasa hivi, wote wasikie."

Hata bwana harusi, mguu mmoja ndani ya basi, akangoja.

Aysuliw akajifuta grisi mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Siombi, shemeji. Leo siombi, na mkirudi na bibi harusi, bado sitaomba."