Sitoki, Wala Msibishe Hodi

Jumatatu, 4 Machi
Nimejitoa duniani. Rasmi! Tangu saa nne asubuhi nimejifungia stoo kwa dada yangu. Dunia ibaki huko nje na wenyewe.

Sababu iandikwe. Juzi, kwenye harusi ya mpwa wangu, shemeji yangu, mume wa dada huyuhuyu na baba wa bibi harusi, mwalimu mkuu mstaafu, alininyang'anya kipaza sauti mbele ya kadamnasi. Katikati ya hotuba! Ndiyo kwanza nilikuwa nimefika pale nilipomkaba chui ujanani, kandambili mkononi. Eti nimeongea dakika hamsini na bwana harusi anasinzia. Watu wakaangua kicheko. Mimi! Mjomba mzima!

Sitoki mpaka aniombe radhi. Na humu humu natunga wimbo wa roki, uwaunguze masikio. Darasa la sita la zamani ni chuo kikuu cha leo. Maneno ninayo.

Jumanne, 5 Machi
Gitaa langu lina nyuzi nne. Wa tano nimefunga waya wa breki ya baiskeli. Linanguruma kama simba mwenye jino bovu. Roki yenyewe!

Kiitikio tayari: "Sitoki! Sitoki! Dunia, pita kule!" Nimesisimka mwenyewe.

Tatizo mwangwi. Nikachomoka kidogo (kutoka kikazi si kutoka), nikakusanya magodoro yote ya nyumba, nikayasimamisha ukutani. Dada akaja juu: yeye na mumewe walale wapi? Nikamjibu kupitia tundu la ufunguo kwamba sanaa haitaki usingizi. Akasema basi na chakula hakiletwi stoo, anayekitaka akifuate mezani. Ukatili!

Nilikifuata. Mara mbili.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwita jirani, fundi wa kuchomelea, tunamwita Cheche, anipigie pipa la mafuta kama ngoma. Akauliza aliyejitoa duniani anaitaje bendi. Nikamwambia hata jela watu hawafungwi mmoja mmoja. Akalivuta pipa, akaanza kupiga. Hoja zangu nzito.

Tumerekodi kwa simu mara kumi na moja. Mara Cheche kakohoa, mara dada anagonga kudai godoro. Kazi ya lipualipua sitaki. Nikisema rudia, hurudiwa. Ujanani nilimrudisha mwimbaji mmoja maarufu mara arobaini mpaka akalia, kisha akanishukuru kwa magoti.

Jioni nikapita kwa kinyozi na buchani kuwaarifu kwamba sionani na mtu. Kinyozi akasema wala hakuwa amegundua. Mshamba!

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji kaja! Tuko katikati ya kurekodi, hodi! Akasema mgongo umekwisha kwa kulala sakafuni, ila hakufuata godoro. Binti yao kapiga simu akilia, kwamba harusi yake imewagombanisha baba na mjomba. Akakiri alikosea. Siku ile anamtoa mwanawe wa pekee, moyo unampasuka, na mimi niko porini na chui. Akasema nimsamehe.

Machozi yakanilenga. Nikafungua mlango. Nikafungua na mikono.

Lakini Cheche, mkosi yule, alikuwa amelitwanga pipa palepale kwenye neno lenyewe, nisamehe! Rekodini halisikiki. Na lilikuwa limeingia vizuri mno baada ya kiitikio! Nikamsogezea shemeji simu mdomoni, nikamwomba arudie, aanzie pale pa binti kulia, na mara hii aweke uchungu.

Akajitwika godoro lake kichwani, akaondoka. Cheche naye akaweka nyundo chini, akasema anajitoa. Kwangu, si duniani.

Jumamosi, 9 Machi
Mtu anapewa nafasi kwenye wimbo mkubwa, anasusa! Wivu tu.

Dada kaja mlangoni, mpole kupita kawaida. Mpwa na mumewe wanakuja kesho mchana kula. Kiti changu kipo. Ila nianze mimi kumwomba shemeji radhi, neno moja tu, yaishe. Nikamjibu aliyejitoa duniani hakai mezani na walimwengu.

Kisha nikafikiri. Familia nzima, chumba kimoja, milango imefungwa, midomo imejaa chakula. Wasikilizaji gani bora kuliko hao? Nitakwenda, kikazi. Nimeongeza beti, sasa ziko kumi na nane.

Shemeji nimempenyezea karatasi chini ya mlango wa chumba chao: sehemu yake ya kulia machozi kwenye wimbo, mistari minne. Aje ameikariri.