Pingamizi la Kufutwa kwa Waliokosa Mazishi

Chama cha Kufa na Kuzikana Twende Pamoja,
Ofisi ya Katibu (nyumbani kwa Katibu, chumba cha mbele),
Kanazi, Bukoba Vijijini.
12 Agosti 2025

Kwa Mwenyekiti wetu, Ma Georgina,

YAH: KOMPYUTA YA CHAMA ISIFUTWE KABLA YA KUUZWA

Kwa heshima zote, na baada ya kukuulizia hali ya goti, naomba kuwasilisha malalamiko yangu juu ya uamuzi wa kikao cha Jumapili. Kikao kilipitisha kwamba kompyuta ya chama auziwe Bwana Haidari wa Muleba, anayefungua duka la kupiga picha za pasipoti na kuchapa barua karibu na stendi. Kuuzwa sikupingi. Kompyuta imezeeka, chaja yake haishiki mpaka uiegemezee jiwe, na herufi H haitoki bila kuipiga kwa hasira. Ninachopinga ni hiki kinachoitwa kuitayarisha.

Niliipeleka kwa fundi Saburi, pale mjini Bukoba, naye akanieleza bila aibu yoyote kwamba kompyuta kabla ya kwenda kwa mmiliki mpya hufutwa yote, ikawekwa upya, ikaondoka haimjui mtu. Unachokitaka unakinakili kwanza kwenye flash. Sasa kikao, kwa pendekezo la Mhazini wetu Ta Rwegasira, kiliagiza yanakiliwe majina ya wanachama tu, na faili langu la WASIOONEKANA MSIBANI lifutwe pamoja na takataka nyingine, eti tusameheane tuanze upya. Watu wakapiga makofi. Waliopiga makofi nimewaandika.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Faili hilo ni kazi ya miaka tisa. Katika kila mazishi nimesimama pembeni na daftari, mvua ikinyesha au jua likiwaka, wenzangu wakilia mimi nikihesabu. Jioni yake nikaingiza kwenye kompyuta kwa vidole viwili. Saburi anasema kulifuta ni kazi ya nusu saa, na sehemu kubwa ya hiyo nusu saa ni kusubiri mashine iwake. Nilimwomba basi angalau alifute polepole. Alicheka. Mimi, Mama, sikucheka, niliumia.

2. Ndani ya faili kuna safu ya udhuru, na safu hiyo ni hazina ya taifa. Ta Kamala, kati ya mazishi aliyokosa, matatu ni kwa sababu senene walikuwa wameanguka na asingeweza kuacha kuwakamata. Sikatai, senene ni senene. Lakini mojawapo ya mazishi hayo yalikuwa mwezi wa Julai, na senene wa Julai sijawahi kumwona mimi wala baba yangu. Mama Kemilembe wa kule mtoni ana ng'ombe aliyezaa mara saba katika miaka miwili, kila mara siku ya msiba, na kila mara ndama amekuja vibaya. Tukifuta, ng'ombe huyo ataanza kuzaa upya bila historia yoyote.

3. Tumemsahau mnunuzi. Bwana Haidari atauziwa mashine isiyojua lolote, wakati angeweza kupata mashine inayotujua kwa majina. Nilipanda basi hadi Muleba kumweleza hivyo. Nilipendekeza aichukue na faili lake ndani, asaini kulitunza, na mtu yeyote wa Kanazi akija kuchapa barua ya kuomba kazi, kwanza atafutwe humo, na idadi ya misiba aliyokosa ichapwe chini ya elimu yake, kabla ya wadhamini. Mwajiri ana haki ya kujua. Bwana Haidari alinikaribisha chai kwa adabu sana, akaniambia, "Mzee wangu, kwetu mtu akifa asubuhi jioni tumeshamzika, hizo safu mnazijaza saa ngapi?" Kisha akaniuliza kama chaja inauzwa pamoja na jiwe. Naona hajaelewa uzito wa jambo, lakini hakukataa waziwazi, kwa hiyo nimemwandika kuwa amekubali.

4. Ikiwa lazima lifutwe, basi lisifutwe kihuni. Saburi alinionyesha kwamba kitu kikifutwa kwenye kompyuta kwanza hutupwa kwenye pipa la taka, kikakaa humo, halafu pipa nalo likamwagwa. Mama, sisi ni chama cha kuzikana. Hatuna kazi nyingine duniani. Hatuwezi kutupa kitu cha miaka tisa kwenye pipa kama maganda ya ndizi. Naomba faili lizikwe kwa utaratibu: taarifa itolewe kwa wanachama wote, turubai lifungwe, wanawake wapike, mtu mmoja aseme maneno machache (niko tayari), ndipo Saburi abonyeze. Kama ilivyo kwa msiba wowote, mahudhurio yatachukuliwa. Watakaokosa itabidi waandikwe kwenye faili jipya, na faili jipya litahitaji kompyuta, na kompyuta tuliyo nayo ni hiyo moja. Kwa hiyo utaona mwenyewe kwamba hata tukikubaliana kuiuza, hatuwezi kuiuza. Sikupanga iwe hivyo, ndivyo hesabu ilivyokuja.

5. Hili ndilo kubwa. Ibara ya Tisa ya katiba yetu inasema mwanachama atakayekosa mazishi kumi, chama hakitamchimbia kaburi, wala kumbeba, wala kumpikia wageni. Jamaa zake watajua wenyewe. Ibara hii haijatumika hata siku moja, kwa sababu kila nikiinuka kuitaja mnaniambia, waitu, Katibu wetu, kaa chini. Safari hii sikai. Naomba kabla ya kompyuta kuondoka mikononi mwa chama, kikao cha dharura kiitishwe, majina yasomwe kwa sauti kuanzia aliyekosa zaidi, na wa kwanza kabisa afutwe uanachama hapohapo, mbele ya watu, ili awe funzo. Asipewe nafasi ya kujieleza. Tumesikiliza vya kutosha habari za ng'ombe. Awe tajiri, awe mjane, awe ndugu yako wa tumbo moja, Mama, mimi sitamwonea haya. Huyo ndiye aliyewaacha wenzake na majembe yao makaburini miaka tisa, na akifa naye aachwe.

Kwa kuwa faili nimelipanga kwa tarehe, mimi mwenyewe bado sijui ni nani anayeongoza, ingawa macho yangu yako kwa Ta Kamala. Saburi anasema mashine inaweza kuwapanga kuanzia mwenye mengi hadi mwenye machache kwa kubonyeza mara moja tu. Nitapita kwake, kompyuta iliko, mchana huu nichukue orodha hiyo, niiambatanishe hapa, kisha nikuletee kwa mkono wangu, maana jambo kama hili halitumwi kwa simu.

Nisalimie Mzee wako na wajukuu. Msalimie Ta Rwegasira, mwambie sina kinyongo, na kwamba yeye ana kumi na tatu. Wasalimie wanakwaya wa usharika, ambao kwa kweli hawakosi msiba, ila huondoka mara tu baada ya chakula, na hiyo nayo nina safu yake.

Ni mimi, wako katika kuzikana,

Ananias Mwijage
Katibu

Nyongeza baada ya kusaini:

Nakuandikia haya nikiwa kwenye benchi la Saburi. Amebonyeza, orodha imejipanga. Ta Kamala ni wa pili, ana thelathini na moja. Wa kwanza ni Mwijage, Ananias. Mazishi mia moja na kumi na nane, ameyakosa yote mia moja na kumi na nane, na kwenye safu ya udhuru hakuna kitu.

Nilimwambia Saburi mashine imeharibika. Akanionyesha taratibu kwamba haijaharibika. Niliowaona niliwawekea alama. Pasipo alama mashine yenyewe huandika HAYUPO. Na mimi nilikuwa nikitazama watu, sikuwahi kujitazama, wala hakuna aliyepewa kazi ya kuniona. Nilimwuliza kama inaweza kuelezwa kwamba mwenye kuandika alikuwepo. Akasema, "Mzee, yenyewe inajua ulichoijazia tu."

Nikamwomba anifungulie tarehe ya mazishi ya mke wangu. Waliokosa siku hiyo walikuwa wanne na mimi wa tano. Wale wanne nilikuwa nawakumbuka bila kusoma, na waliokuwepo, mahali walipokuwa wamesimama napakumbuka pia. Lakini walipokuwa wakimshusha, Mama, sikumbuki. Nimekaa hapa kitambo najaribu, na sikumbuki, na nimelia mbele ya watoto wa watu walioleta simu zao kutengenezwa. Nadhani nilikuwa nimeinamia daftari. Mashine haijanisingizia.

Nina miaka sabini na mbili na kifua hiki unakijua. Watoto wako mbali. Bila ninyi hakuna wa kunichimbia.

Kwa hiyo naomba malalamiko namba moja hadi tano yachukuliwe kuwa hayakuandikwa. Ta Rwegasira alisema vizuri. Saburi ameshika kompyuta, anasubiri neno lako tu. Mpigie simu umwambie afute yote, asinakili kitu, amwage na hilo pipa, na Bwana Haidari aje aichukue leo.