Kumbukumbu Imejaa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejiteua kuwa Fundi Mkuu wa Kompyuta wa nyumba hii. Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyeulizwa pia.

Laptopu ya Shangazi imeleta vituko saa nne asubuhi. Kwanza mshale ukaganda. Kisha kila kitu kikatoweka, pamoja na barua aliyokuwa akiiandika, na mashine ikaanza kumwomba nywila kama vile haijapata kumwona maishani. Saa nane, tena! Shangazi akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniuliza kama nimeigusa. Mimi! Nikamwambia hilo ni joto, liko wazi kabisa. Nikaipandisha juu ya makopo mawili ya vifungo ipate kupumua, nikaipepea kwa kadibodi mpaka mkono ukaingia ganzi.

Nieleze kwa nini tuna haraka. Shangazi ni fundi cherehani, na pia ni katibu wa chama cha mafundi wanaotumia jengo moja. Mwaka jana kikao kilimpa chumba cha mbele, chenye mwanga, maana macho yake yamechoka kutunga uzi kwenye sindano katika giza la chumba cha nyuma. Sasa chumba kimepakwa rangi, kinapendeza, na fundi redio anadai hakikupewa mtu. Huyu tunamwita Antena. Mrefu, mwembamba, na hakuna neno linalompita. Kikao ni Jumamosi. Uamuzi uliandikwa, lakini karatasi zililowa pale paa la ofisi lilipovuja. Zimebaki zilizomo ndani ya laptopu tu.

Jioni Binamu akarudi kutoka mafunzo ya kazi. Ni bintiye Shangazi, nimemzidi miaka miwili, lakini kwa kuwa anasomea kompyuta chuoni anajiona amenizidi ishirini. Ndiye aliyeweka humo mfumo wa Linux, wa Kiswahili tupu, mama yake asipate taabu. Akaitazama laptopu juu ya makopo, akanitazama na kadibodi yangu, akauliza kama nawasha jiko.

Nikaendelea kupepea. Wataalamu hatujibu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepewa kazi ya ukarani. Aibu!

Binamu anasema kuna kitu kinakula kumbukumbu ya mashine kidogo kidogo mpaka inajaa, ndipo kila kitu kinaanguka. Lazima tujue kinakula kwa kasi gani. Akanipa daftari. Kila nusu saa nifungue programu ya kupima, niandike zimetumika gigabaiti ngapi. Nisiguse kingine chochote. Akalirudia hilo mara tatu, polepole, kama anamwagiza mtoto dukani.

Nikaandika mara mbili. Kisha nikakaa nikitazama samaki. Hawa samaki niliwaweka mimi mwenyewe kwenye skrini, wiki tatu zilizopita: saa ya ukutani yenye samaki wekundu wanaoogelea kuizunguka, na kila sekunde mmoja mpya anachomoza. Binamu hana hata pambo moja kwenye mashine yake. Mtu mkavu.

Kisha nikasikia mchezo wa drafti umepamba moto mtaa wa nyuma. Namba za kuanzia saa tano hadi saa kumi nimezijaza baadaye, kwa makisio ya kitaalamu. Nikazipandisha vizuri, nikazishusha kidogo, zipate kufanana na maisha.

Jioni Binamu akapitisha kidole kwenye daftari, kikasimama saa nane na nusu. Akauliza hiyo kumi na moja nimeitoa wapi, maana mashine yenyewe ina gigabaiti nane tu. Hizo tatu nimeazima kwa jirani?

Shangazi akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Nimeumia.

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika kweli leo. Siku nzima! Mgongo unaniuma. Saa mbili asubuhi, mbili na kidogo. Saa sita, tano. Saa tisa, saba na nusu. Saa tisa na dakika ishirini, pap! Chini.

Binamu akafungua mahali mashine inapojiandikia matukio yake, mistari midogo kama siafu. Nikaona neno la Kiingereza ninalolijua barabara: kill, yaani kuua. Fulani ameuawa, namba fulani. Nikakimbia kumwambia Shangazi humo ndani kuna muuaji, asiingize kidole. Binamu akaja nyuma yangu akisema hakuna muuaji, ni mashine yenyewe: ikikosa nafasi huchagua programu nene kuliko zote na kuiua ili zilizobaki zipone. Nikasema basi muuaji yupo, ila ana sababu zake. Akashika kichwa.

Nilipotoka kununua mkate nikamkuta Antena mlangoni pake, anafungua matumbo ya redio. Akanisifu. Akasema amesikia mimi ndiye daktari wa kompyuta siku hizi. Mtu akikusifu utamfanyaje? Nikamsimulia yote. Kwamba laptopu iko mahututi. Kwamba karatasi zote za chama zimo humo na si kwingine. Kwamba bila mimi Jumamosi ingekuwa balaa.

Akatabasamu. Akauliza kama kweli hakuna kwingine. Nikamhakikishia hakuna.

Mtu mwema, kumbe.

Sijui kwa nini Shangazi hampendi.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Nimeitibu peke yangu!

Saa tatu asubuhi, Shangazi kaenda kumpima mteja, Binamu yuko kazini. Kikatokea kisanduku katikati ya skrini, kwa Kiswahili safi: Kumbukumbu inakaribia kujaa. Futa usivyohitaji.

Nikasema haya, leo tuonane. Nikaisaka. Haikuchukua hata dakika mbili! Kwenye nyaraka za Shangazi kulikuwa na folda, jina lake kwa herufi kubwa: KUMBUKUMBU. Ndani, faili arobaini na tatu. Arobaini na tatu! Ndiyo maana imejaa! Na Binamu na chuo chake chote siku tatu anasoma siafu!

Nikafuta. Nikaenda na kwenye pipa la taka nikalimwaga, maana mimi kazi nusunusu sifanyi. Nikazima, nikawasha. Nikapima: gigabaiti mbili! Kutoka saba! Niliruka mpaka nikagonga kichwa kwenye rafu ya vitambaa.

Saa sita ilikuwa tano tena. Nadhani inazoea dawa.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika tama.

Asubuhi Shangazi alikaa kutayarisha kikao. Akafungua nyaraka. Akafunga. Akafungua. Akaniita kwa upole, na upole wake ndio unaotisha. Akauliza folda ya kumbukumbu za vikao iko wapi.

Za vikao.

Kumbukumbu za vikao! Yaliyosemwa, nani kasema, nini kimeamuliwa! Kwa nini watu waite vitu viwili jina moja? Huo si ujinga wangu, ni uchoyo wa maneno. Nikajifanya hamnazo. Nikasema ule ugonjwa huenda umezila.

Mchana Binamu akaomba ruhusa akaja mbio. Dakika kumi akawa amempata mlaji: samaki wangu! Kila sekunde anazaliwa mmoja, na hakuna anayeondoka. Akitoka upande wa kulia wa skrini haonekani tena, lakini yumo, anakula nafasi, yeye na ndugu zake maelfu. Akawang'oa wote. Akanieleza mbele ya meza ya kukatia: kumbukumbu ya mashine ni kama meza hii, ukirundika kazi huna pa kukatia, ukizima inasafishika yote. Faili ziko kabatini. Mimi kwa kutaka kusafisha meza nimechoma kabati. Nikasema nimeelewa. Nilielewa sehemu ya meza.

Kisha akaona folda ilifutwa lini. Alhamisi, saa tatu na dakika kumi na saba. Ugonjwa gani huo unaojua kumwaga taka?

Shangazi hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alikaa kwenye cherehani yake, akachukua sindano, akajaribu kutunga uzi. Mara ya kwanza ukapita pembeni. Mara ya pili. Mara ya tano akaweka sindano chini, akasema haidhuru, chumba cha nyuma amekizoea. Nikatamani sakafu inimeze.

Binamu alihangaika hadi jua kuzama kufufua faili. Kilichorudi ni ukurasa mmoja: tarehe ya kikao na orodha ya waliohudhuria.

Tarehe na majina. Hmm.

Mtu mwenye kichwa kama changu anahitaji nini zaidi?

Jumamosi, 8 Machi

Niliwahi duka la uchapaji likifunguliwa. Nikamsomea mchapaji kumbukumbu mpya za kikao cha mwaka jana. Kwamba sikuwepo si hoja, maana hata mchapaji alisema zimekaa vizuri. Niliandika kuwa fundi redio alisimama, akafuta machozi kwa pindo la shati, akatamka kwamba yeye ni mtu duni asiyestahili mwanga, chumba apewe katibu wetu mpendwa. Wajumbe wakapiga makofi kwa muda mrefu. Nakala kumi na mbili. Nikaziweka juu ya viti kabla watu hawajaingia.

Kikao kikaanza. Shangazi akasimama. Akasema kumbukumbu zimepotea, zimepotea nyumbani kwake, kosa ni la nyumba yake, na hatatafuta kisingizio. Hakunitaja. Akakaa. Antena alikuwa ametabasamu mpaka masikio yakasogea. Akauliza kwa sauti ya asali, sasa kama hakuna maandishi, nani atasema kuna uamuzi?

Mwenyekiti wa chama, ambaye ni seremala, akachomoa karatasi aliyoikalia. Akauliza, na hii je? Akaanza kusoma kwa sauti.

Shangazi akainuka kusema hizo si zake. Hakupata nafasi. Mwenyekiti alipofika kwenye machozi, Antena alikuwa amesharuka kitini! Machozi? Yeye? Pindo la shati? Akaapa mbele ya watu wote kwamba siku ile hakutoa hata chozi moja. Alisimama pale mlangoni, mikono kifuani, mkavu, akasema neno moja tu la kiume: mama achukue chumba cha mbele, mradi asiiguse nguzo yake ya antena juu ya paa! Na yeyote anayesema alilia aje nje!

Mama anayeshona mikoba ndiye aliyeanza kucheka. Kisha ukumbi mzima. Mwenyekiti akamwomba Antena arudie, taratibu, ili katibu aandike. Antena akajidai amesahau. Wenzake wakamrudishia maneno yake, sasa wote wameyakumbuka. Shangazi akaandika kwa mkono, na Antena akatia sahihi bila kumtazama mtu.

Chumba ni cha Shangazi!

Alinishika sikio kutoka mlangoni hadi njia panda. Akasema chumba amekipata kwa ukweli uliomponyoka Antena, si kwa uongo wangu, na kama angewahi kumaliza sentensi yake karatasi ile ingeishia motoni pamoja na mimi. Nikasema ndiyo Shangazi. Kisha akaliachia sikio, akalisugua kidogo, akatembea mbele akijifuta macho. Binamu akanong'ona niombe radhi vizuri.

Nikaomba. Ila tuseme kweli: nani aliyeandika yale machozi?

Jumapili, 9 Machi

Tumehama. Nimebeba cherehani peke yangu, mtaa mzima umeona. Shangazi akaiweka mwanga unapoingia, akatunga uzi mara moja tu. Mara moja! Akanitazama akacheka. Nimesamehewa, lakini nimepigwa marufuku kuikaribia laptopu hatua tatu. Binamu amechora mstari wa chaki. Amenifundisha pia somo moja la kushika maisha yangu yote: nisome vizuri kabla sijafuta.

Mchana Mwenyekiti akanivuta kando. Amesikia kwa watu kwamba nazielewa kompyuta. Yake inalalamika tangu jana, anaona haya kumsumbua Binamu. Basi! Jina langu limeanza kutembea.

Nikaenda karakana kwake. Skrini imeandika: Faili za muda zimejaa. Sikukurupuka. Nikasoma. Nikasoma tena, mara mbili, kwa kidole, kama nilivyofundishwa. Faili za muda. Nikatafuta kwa utulivu mpaka nikaona folda iliyoandikwa MUDA, ndani yake orodha ndefu: kitanda cha nani, kichukuliwe siku gani, saa ngapi. Muda mtupu! Nikafuta, nikamwaga taka. Sasa mashine inapaa! Mwenyekiti hakuwepo, nikamwachia ujumbe asihangaike kunishukuru.

Hodi imepigwa hapa sasa hivi. Nimechungulia. Ni Mwenyekiti, kaja na watu wanne, wote wameshikilia kitanda kimoja, kila mmoja anavuta kwake.

Kumbe sifa huenea haraka hivi! Ngoja nivae shati safi.