Malkia Awika Ukweni

Jamani, leo nimeaibika mbele ya wakwe, na aliyeniaibisha ana manyoya.

Nipo jikoni kwangu hapa Omurushaka, hata kitenge cha safari sijavua. Mume wangu, Projestus, yuko sebuleni anacheka peke yake. Akinyamaza kidogo anakumbuka, anaanza upya. Nimeona kabla hajawasimulia yeye na chumvi zake, bora niwasimulie mwenyewe.

Mnajua nafuga kuku aina ya Wyandotte. (Mtaani wanaitwa Wayandoti, na mimi nimeshazoea.) Ni kundi dogo tu: matetea weupe, wanene, wenye manyoya mengi kama waliovaa makoti, na jogoo mmoja mzee mwenye hasira za mstaafu. Mnajua pia kwamba mwenye nyumba wangu amechoka nao. Alisema kwa upole, lakini alisema: mvua za vuli zisiwakute kuku hapa. Pa kuwahamishia ni mahali pamoja tu, kile kipande cha ardhi kilicho nyuma ya kibanja cha migomba cha wakwe zangu kule Rugu. Kimekaa bure, kina kivuli cha migomba, na maji yako karibu. Mwenye neno la mwisho juu yake ni mama mkwe.

Mama mkwe wangu si mtu mbaya. Ila hapendi watu wanaojifanya wajuzi. "Ninyi wa mjini mnasoma kwenye simu, halafu mnakuja kutufundisha kuku," aliwahi kuniambia, tena huku ananipakulia chakula. Kwa hiyo leo nilikuwa na kazi moja: kumwonyesha kwamba ninachokifanya nakijua. Nikikosa hicho kipande, kundi linauzwa lote, na jasho langu lote la kuchagua mbegu linaishia kwenye sufuria za watu.

Zawadi niliyomchagulia ilikuwa Malkia.

Malkia alitoka kwenye mayai niliyoletewa na rafiki yangu wa Nkwenda, kule Kyerwa. Nilikuwa natafuta damu nyingine, maana jogoo wangu ni baba wa nusu ya banda na babu wa nusu iliyobaki. Niliyaatamisha kwa kuku wa kienyeji nikiomba Mungu anipe jogoo mmoja tu. Vikatoka vifaranga vichache, kipanga akala karibu vyote, akabaki mmoja. Nikampima kwa ile mbinu yangu: unamlaza kifaranga chali kiganjani, akirusha miguu ni dume, akitulia ni jike. Huyu alitulia. Alifumba macho kabisa, kama mtu anayesukwa nywele. Nikasikitika kukosa jogoo, nikamwita Malkia, nikaendelea kuuliza jogoo Kyerwa nzima. Nimeuliza mpaka watu wakiona simu yangu hawapokei.

(Ndiyo, ile mbinu ndiyo niliyowafundisha wengi wenu humu. Subirini.)

Basi asubuhi nikamwogesha Malkia. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya mume wangu, taulo la mume wangu. Nikamwanika juani akawa mweupe mpaka nikaona haya kuvaa blauzi yangu nyeupe karibu naye. Projestus akaja, akamtazama, akasema:

"Huyu mbona ana miguu minene hivi?"

"Ndiyo mbegu yake," nikamjibu. "Umezoea wenye miguu ya njiti."

Hakubisha. Ana akili, anajua mambo ya kuku nyumbani kwetu yana daktari wake.

Tukapanda pikipiki yake, Malkia kwenye kikapu mapajani mwangu, nimemfunika kanga vumbi lisimguse. Njia nzima hadi Rugu nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na furaha, jamani, siwafichi. Nilikuwa nimeshaliona banda limesimama, nimeshaona mpaka mahali pa kuweka mlango.

Tulipofika nikapiga magoti nikasalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mbona kikapu kinatikisika?"

Baba mkwe hakuwepo, ameenda Bukoba. Alikuwepo dada yake mkubwa, Shangazi Kemilembe, ambaye pale nyumbani huwezi kutengua neno lake bila kuita kikao. Nikafunua kanga. Mama mkwe akafuta mikono, akamtoa Malkia, akampakata. Malkia akatulia. Mama akapitisha vidole kwenye yale manyoya, uso ukalainika.

"Mzito huyu," akasema. "Na msafi. Mmemuosha?"

"Na sabuni yangu," akasema Projestus.

Wakatuletea kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu, nikachukua punje zangu, nikaanza darasa. Hapo ningenyamaza mngekuwa mnasoma habari nyingine sasa hivi. Sikunyamaza. Nikaeleza kwamba Wayandoti wanavumilia baridi ya milimani kwetu. Nikaeleza kwamba matetea wao wanalalia mayai vizuri na hawana makelele. Shangazi akanyoosha kidole.

"Upanga wake kichwani mbona umelala hivyo? Wa kuku wetu unasimama."

"Uzao huu ndivyo ulivyo, shangazi. Jike na dume wote upanga wao ni bapa."

"Sasa mnajuaje lipi jike, lipi dume?"

"Wengine wanahangaika," nikasema, nikakaa vizuri kwenye mkeka. "Mimi nikimshika kifaranga kiganjani tu, najua. Sijawahi kukosea."

(Mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa, shingo na mabega.)

Mama mkwe akaniangalia juu hadi chini. Kisha akasema lile neno nililolifuata kutoka Omurushaka: "Kuna kipande pale nyuma. Tukishakula tutakizungumzia."

Nilimfinya Projestus mpaka akaguna.

Chakula kikaja: ndizi, maharage, mboga za majani. Tukainamisha vichwa, mama mkwe akaongoza sala huku Malkia bado yuko mapajani mwake. Alikataa kabisa kumtua chini. Akashukuru kwa mvua, kwa safari yetu, kwa baba aliyeko Bukoba. Halafu akasema, kwa sauti ya kutoka moyoni:

"Na huyu kuku tuliyeletewa na binti yetu, Bwana, mfungue uzazi wake, atujazie kibanja hiki..."

Malkia akasimama. Akanyoosha shingo. Akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia bandani kwangu, nyembamba, yenye mikwaruzo, mithili ya mlango wa stoo usiojua mafuta:

"Ko-ko-rrriiii-kh."

"Amina," akasema Projestus, peke yake.

Nilifumbua jicho moja. Mama mkwe alikuwa ameganda, mikono hewani. Shangazi Kemilembe alikuwa ameshasimama.

"Tetea amewika," akasema.

Nadhani mnajua mambo ya tetea kuwika. Wazee wetu hawana mchezo nayo. Ni mkosi kwa nyumba, na dawa yake ni moja, tena siku hiyo hiyo, jua halijazama. Na huyu alikuwa amewikia mapajani mwa mama mkwe mwenyewe, katikati ya sala ya kuombewa uzazi.

"Kisu kiko wapi?" akauliza shangazi, akaelekea jikoni bila kungoja jibu.

Sasa niwaambie ukweli wa moyo wangu, na Mungu anisamehe. Nilikuwa nimeshaelewa. Tetea wangu hawawiki. Aliyewika ni jogoo, na jogoo huyo nimemleta mimi kama tetea, dakika chache baada ya kusema sijawahi kukosea. Lakini nikapiga hesabu ya haraka: nikinyamaza, Malkia atakufa akiwa jike, jina langu litabaki, na kipande tutakizungumzia. Nikisema, nani atampa ardhi ya kufugia kuku mtu asiyejua jogoo?

Basi nikafungua mdomo nikasema: "Ni vumbi la njiani, mama. Amekohoa."

Mama mkwe akamtazama Malkia. Malkia akanitazama mimi. Akapanda juu ya goti la mama, akapiga mabawa yake meupe yanayonukia sabuni, akawika tena. Safari hii hakukwaruza hata kidogo. Nadhani walisikia mpaka barabarani.

"Vumbi limeisha," akasema Projestus.

Na hapo ndipo akili yangu ilipofika mahali ambapo ilipaswa kufika tangu asubuhi. Nyumbani yule jogoo mstaafu hamruhusu dume yeyote kuinua sauti, anamkimbiza mpaka kwenye sahani za jirani. Malkia alikuwa anaogopa tu! Leo ndiyo mara yake ya kwanza kukaa mahali pasipo na mkubwa. Halafu, jamani, halafu nikakumbuka ametoka wapi. Mayai ya Nkwenda. Damu nyingine. Jogoo niliyemtafuta Kyerwa nzima, hadi nikampigia simu kila mwenye kuku, alikuwa analala bandani kwangu, nimemuogesha kwa mikono yangu, nimemfungia kikapuni na kumgawa!

Shangazi akatokea mlangoni na kisu.

"Ni jogoo!" nikapiga ukelele. Nilisimama kwa kasi, bakuli la maharage likapinduka kwenye kitenge changu, na wala sikujali. "Shangazi, weka kisu! Si tetea, ni jogoo! Nilikosea mimi! Ni jogoo, mama, nimempata!"

Nilikuwa nacheka, nina maharage mpaka magotini, nakumbatia watu. Nilimkumbatia hata shangazi, na kisu chake. Furaha ilinipanda kabla ya aibu, sijui niliingiwa na nini.

Shangazi akanisogeza pembeni.

"Wewe si umesema hujawahi kukosea?"

Aibu ikafika. Ilifika yote kwa pamoja.

"Nimekosea, shangazi."

"Na lile la kukohoa?"

"Nalo pia."

Nikarudi kukaa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na mkeka wangu. Mama mkwe alikuwa amemgeuza Malkia, anampapasa taratibu, anaangalia yale manyoya membamba yanayochomoza mgongoni karibu na mkia, anaangalia ile miguu. (Miguu ambayo mume wangu aliiuliza asubuhi. Atanikumbusha mpaka nizeeke.) Nikakiaga kile kipande kimoyomoyo. Nikawaaga kuku wangu mmoja mmoja.

Kisha mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika. Tangu niolewe sijawahi kumwona mama huyu akicheka mpaka machozi. Leo nimemwona.

"Mwanangu," akasema alipopata pumzi, "mimi nilijua umeniletea kuku. Kumbe umeniletea mume. Na mume wangu yuko Bukoba, hana habari."

Shangazi alijaribu kununa, akashindwa, akakaa chini na kisu mapajani, anacheka huku kaziba mdomo kwa kanga. Mimi nikaona hapo hapo, chuma kingali cha moto, nijaribu.

"Mama, naomba nimrudishe huyu. Nakuletea tetea wa kweli, kesho asubuhi."

Kicheko kikakata.

"Nani atajua kama ni wa kweli? Wewe?"

Nikaanza kuokota maharage kwenye kitenge changu.

"Zawadi ikishapokelewa hairudi," akasema. "Huyu ni wangu, na nimempenda. Lakini jogoo hakai peke yake, ataniletea kesi na majirani. Kwa hiyo lete wake zake."

"Wote, mama?"

"Wote. Kipande kile pale nyuma kinafanya nini? Projestus aje Jumamosi aanze kusimamisha nguzo."

Niliruka tena. Safari hii waliwahi kuondoa bakuli. Nimekipata, wenzangu! Kundi halichinjwi, haliuzwi, na lina jogoo mpya wa damu nyingine, kile kitu nilichokililia mwaka mzima. Jogoo si wangu, ni wa mama mkwe, lakini vifaranga tutagawana, amekubali mwenyewe.

Kuna sharti moja tu. Kalitoa shangazi, na mama mkwe akaunga mkono kabla sentensi haijaisha: kuchambua yupi dume, yupi jike ni kazi ya Shangazi Kemilembe. Mimi nimepewa kufagia banda.

Nilipouliza kama tumbadilishie jogoo jina, walikataa. Tumeondoka tumemwacha Malkia juu ya chanja ya vyombo, anawika kila pikipiki inapopita, na watoto wa jirani wamekuja kumwona malkia anayewika. Habari ilikuwa imeshafika njia panda kabla yetu. Mwenye duka pale alinisalimia, "Habari za kikohozi?"

Basi ndiyo hivyo. Naomba msicheke. Na ninyi mliochukua matetea kwangu, wale niliowapima kiganjani, kabla hamjaandika neno lolote hapa chini, nendeni kwanza kesho alfajiri mkasikilize mabanda yenu.