Mwongozaji Filamu Aliyeanikwa na Dagaa

Leo nimeaibika, jamani. Heshima yangu yote imebaki ufukweni Kibirizi, imeanikwa pamoja na dagaa.

Kazi yangu mnaijua. Filamu zangu zimepata tuzo nchi za mbali (nyumbani Mwandiga bado naitwa yule mpiga video asiyepata harusi). Hii ya sasa inamhusu mama, alivyovuka ziwa kutoka Burundi enzi za wakimbizi, mimi nikiwa mgongoni. Miaka yote namuuliza, "Mama, tulipofika nchi kavu ulisema nini?" Ananijibu, "Nimesahau." Kisha anaendelea kupepeta mchele.

Juzi akakubali kushuka tena kwenye boti, mbele ya kamera yangu. "Mara moja tu, baba. Sirudii."

Basi leo asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, ziwa na mbingu rangi moja. Boti ikatokea humo taratibu, mama amekaa mbele na kitenge chake. Nilijiona kama naota ndoto niliyoanza kuiota kabla sijajua kuongea.

Mama akashuka. Akaanza kuja. Nikarudi nyuma kidogo ili aenee kwenye picha. Akaja. Nikarudi tena. Chini kukawa laini, nikadhani ni raha ya ndoto (kumbe nimekanyaga dagaa wa watu).

"We kaka, dagaa wangu!"

Nikateleza. Kamera huku, mimi kule, chali katikati ya dagaa wabichi. Mchanga ukaniingia machoni, machozi yakanitoka. Wanawake waliokuwa wakianika wakasimama kunitazama.

"Si ndiye huyu anayetangazwa redioni?" mmoja akauliza.

"Ndiye," akajibu mwenzake. "Na analia."

Mama akasahau kabisa kuigiza. Akaja mbio, akapiga magoti, akanifuta pua kwa ncha ya kitenge (mimi, mwenye mvi), watu wote wanaona. Akaniambia kwa Kirundi, "Hora, mwana wanje. Turashitse." Nyamaza, mwanangu. Tumefika.

Halafu akageuka. Akalitazama ziwa.

"Ndiyo maneno niliyosema," akasema polepole. "Siku ile. Ulikuwa unalia hivi hivi."

Nilitamani kumkumbatia, lakini mwenye dagaa alikuwa bado ananingoja. Kutwa nzima nimeshinda juani nikimgeuzia dagaa wake, mama amekaa kivulini ananielekeza nilipopasahau.

Jioni hii ndipo nimefungua kamera. Ilianguka kifudifudi, ikaendelea kurekodi. Picha ni dagaa mwanzo hadi mwisho. Sauti ya mama imeingia safi kabisa. Nimelia tena, na safari hii sina mchanga wa kusingizia.

Sirudii kupiga. Filamu ikitoka, mahali pale mtaona dagaa tu. Naombeni msicheke. Sikilizeni.