Hatamu ya Kushoto Imeniangusha Mbele ya Mkwe

Jamani, leo nimeadhirika. Mchana kweupe, mbele ya mama mkwe!

Mnajua niko Wambaa, kwenye nyumba ya wageni ya Bwana Said. Alileta farasi kutoka Unguja, jike, jina lake Johari, wageni wawe wanatembezwa ufukweni. Mimi ndiye niliyepewa kumfundisha. (Mimi, mchumaji karafuu wa Mtambile. Farasi nilikuwa namjua kwenye simu tu.) Kazi yenyewe moja: hatamu mbili, ya kushoto na ya kulia, zikae mkononi kwa uzito sawa, na mnyama aende mbele amenyooka.

Johari hanyooki. Kila nikimpanda, kushoto. Wiki tatu, kushoto! Nikamtangazia Bwana Said kuwa farasi ana kasoro ya shingo. Nikawa namkanda kila asubuhi kwa mafuta ya nazi na karafuu, upande mmoja tu, mpaka akawa ananukia kama mzazi aliyejifungua jana. Jana Bwana Said akasema imetosha. Leo atatazama mwenyewe, na farasi asiponyooka kesho anarudishwa Unguja, na mimi nirudi mikarafuuni. Johari nampenda, nasema kweli.

Saa tatu asubuhi nikapanda, Bwana Said anatazama. Njia imepangwa mawe meupe huku na huku, kutoka jikoni mpaka getini. Hatua kumi za mwanzo, mstari! Nikajitutumua. Mara namwona mama mkwe, Bi Mize, yuko pembeni ya njia. Kaleta mikeka iliyoagizwa, kaitandaza chini ikaguliwe. Nikasema leo ataona binti yake kamwozesha nani. Nikakaza mikono.

Johari akaenda kushoto. Nikakaza zaidi, akazidi kushoto! Tukavuka mawe. Tukapita juu ya mkeka wa kwanza, wa pili, na kwenye wa tatu akasimama ghafla. Yeye alisimama. Mimi niliendelea.

Nikatua kifudifudi miguuni pa mkwe wangu. Ningefanya nini? "Shikamoo mama," nikasema, nikiwa hapo hapo chini.

"Marahaba mwanangu." Hana haraka. Akaitazama mikono yangu, hatamu ya kushoto bado nimeing'ang'ania. "Farasi huyu hana kosa. Weye ndiye wavuta kwa mkono wa kushoto. Hata ukili wa mkeka ukiuvuta upande mmoja wapinda."

Nikabisha. (Mtu uko chini, mchanga mdomoni, na bado unabisha.) Bwana Said, machozi ya kicheko yanamtoka, akafunga kamba mbili ndefu kwenye lijamu, kile chuma cha mdomoni, akamwomba Bi Mize ajaribu. Nilidhani atakataa. Akakaza buibui lake, akasimama nyuma kwa mbali, akashika kamba vile vile anavyoshika miyaa ya kusukia mikeka, huku na huku sawa, bila nguvu. Bi Mize akimfuata, Johari akaenda mpaka getini, akageuka, akarudi. Hakugusa jiwe hata moja!

Hapo ndipo nikafahamu. Miaka yote juu ya mikarafuu, mkono wangu wa kushoto ndio unaoshika tawi, wa kulia unachuma. Ule wa kushoto mpaka leo unaogopa kuanguka. Wiki tatu nimeining'inia ile hatamu, na maskini farasi alikuwa akitii tu. Nimemwomba radhi sikioni, wallahi.

Sasa sikilizeni: Johari anabaki! Na mimi nabaki! Nimefurahi nimekosa pa kujiweka. Ila Bwana Said katoa sharti: kila asubuhi kabla ya kupanda, nikakae kibarazani kwa Bi Mize nisuke ukili, mpaka utoke umenyooka. Naanza kesho, baina ya mashoga zake wanne.

Msinicheke, nawaomba. Mke wangu ameshacheka kwa niaba yenu nyote.