Kocha Asiyetaka Kushinda Fainali

Jumatatu, 3 Juni
Tumeingia fainali. Balaa! Vijana wanarukaruka na kukumbatiana, mimi natafuta mlango. Hapa Budapest timu ya polo ya majini ikitwaa kombe, kocha hutupwa bwawani na suti yake, viatu vyake, kila kitu. Eti heshima. Na mimi sijui kuogelea!

Nilipoomba kazi nilisema nilicheza ujanani, kama anavyosema kila mwanamume wa nchi hii. Nani angeuliza? Msimu mzima nimefundisha nikiwa nimeegemea ukuta, mbali na ukingo. Bwawa letu halina pa kusimama. Sheria yenyewe inamkataza mchezaji kukanyaga chini. Sheria ya watu katili!

Msaidizi wangu Kornél, anayeimezea mate kazi yangu, ameniuliza kama nimeshaandaa nguo za kubadilisha. Amejua? Hajajua. Amejua!

Uamuzi: lazima tufungwe.

Jumanne, 4 Juni
Majini huingia saba: kipa mwenye kofia nyekundu na wenzake sita. Leo nimewavuruga. Botond, kipa wetu, pande la mtu, nimempeleka mbele ya goli la wapinzani. Zalán, mfungaji wetu, nimemtia golini. Kipa peke yake ndiye anayeruhusiwa kushika mpira kwa mikono miwili, wengine mkono mmoja tu. Nikajisemea Botond atasahau, atapigiwa filimbi mpaka akome.

Hakusahau. Mabeki watatu walimning'inia mazoezini, hakusogea hata kidogo, akafunga anavyotaka. Zalán naye hakupitisha mpira. Vijana wakanibeba juu wakipiga kelele, Mjomba Ödön we noma! Wakaanza kwenda nami upande wa maji. Nikapiga yowe kwamba nina jipu. Wakanishusha.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepata! Kabla ya mechi refa hukagua kucha za kila mchezaji, maana kule chini watu huparurana. Mwenye kucha ndefu haingii majini. Basi nimekusanya vikata kucha vyote vya klabu nikavitia mfukoni, nikawaambia vijana kukata kucha wiki ya fainali ni nuksi. Wameamini wote! Kornél akauliza mbona koti langu linalialia. Nikamjibu ni funguo. Alinitazama mno. Usiku nimeota niko chini ya bwawa, naye yuko juu anakula lángos, mkate wetu wa kukaangwa.

Jumamosi, 8 Juni
Siku ya fainali.

Refa alipotangaza ukaguzi, vijana waliangalia vidole vyao, kisha wakazitafuna kucha papo hapo, mstari mzima, wakitema kama watu wanaokula mbegu za alizeti. Refa akawapitisha wote.

Robo tatu zikaisha. Robo ya nne tuko sare. Nikamnong'oneza Botond amkalie beki wao mabegani, refa akiona. Alikwisha kutolewa mara mbili. Akitolewa ya tatu, harudi tena. Botond akaitikia, mtoto mtiifu. Lakini beki alipoona mlima ule unamjia, akapagawa, akamvuta na kumzamisha palepale mbele ya goli. Penalti! Mita tano. Botond akafunga. Filimbi ya mwisho. Kombe letu.

Nilikimbilia chooni. Kornél alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu. Akasema, heshima yako inakungoja, kocha. Wakanidaka. Nikang'ang'ania chuma cha ngazi, nikapiga kelele mbele ya watu wote kwamba sijui kuogelea. Wakaangua kicheko. Mmoja akasema mjomba kwa mizaha, hajambo!

Maji. Kimya. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Nilimwita mama, nikameza maji. Kisha nikahisi ukosi unavutwa. Ni Botond, kanitoa kwa mkono mmoja, bila kuvunja sheria.

Jumapili, 9 Juni
Kornél amenishtaki kwa mwenyekiti wetu, Mama Piroska. Kasema kocha hajui kuogelea, aulizwe hapa hapa. Mama Piroska akaniangalia kwa upole kabisa, akasema, Ödön mwanangu, niambie tu, hakuna atakayekufukuza. Ukweli ulifika ulimini.

Nikasema nilikuwa najifanya nazama, kuwapima vijana macho. Mama Piroska akapiga makofi! Kasema pumzi za namna ile hazipatikani, kwa hiyo Julai nitaiongoza klabu kuvuka ziwa Balaton kwa kuogelea, mimi mbele. Nimekubali. Ziwa lile nalijua, ukiingia maji ni ya magoti, unaenda, unaenda, bado ya magoti. Nitatembea, mikono tu ndiyo nitakayokuwa naipunga. Kornél anasema katikati maji yanampita mtu kichwa mara mbili.

Wivu tu.